Sailensi ya Gari la Shemeji

2 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na shemeji ameleta gari. Nimefungua daftari jipya, kwa sababu fundi aliyenifundisha kazi alinizoesha hivyo: injini yoyote inayofunguliwa kwa kazi kubwa ina daftari lake. Unaandika kila ulichofanya, ili ikikugeuka ujue ulikosea wapi. Madaftari yangu ya nyuma yana vipimo tu. Hili naona litakuwa na maneno, maana gari ni la nyumbani. Shemeji amemwoa mdogo wangu wa pekee.

Anataka kemshafti ya mashindano. Kemshafti ni kile chuma kirefu chenye nundu ndani ya injini. Kikizunguka, nundu zinasukuma valvu zifunguke. Ukiweka chenye nundu kubwa, valvu zinafunguka zaidi na kwa muda mrefu, injini inavuta pumzi nyingi, na gari linakimbia kama limetukanwa. Mashindano ni tarehe 26 Aprili, kwenye barabara ya vumbi ambayo kwa sasa ni uji.

Nampenda shemeji. Ananiita mzee wa grisi, namwita mwizi aliyetuibia dada mchana kweupe, tunacheka. Mdogo wangu alikuja naye, mkono una bandeji. Ameteleza kwenye ngazi za jikoni kwa ajili ya mvua. Nikamwambia atupe zile ndala zilizoisha.

3 Machi

Mvua. Nimemwaga oili, nimetoa rejeta.

5 Machi

Shemeji amempiga mtu uani kwangu. Dereva wa pikipiki aliingia kujikinga mvua, tairi likateleza, usukani ukakwaruza mlango wa gari. Mstari wa urefu wa kidole. Yule bwana alianza kuomba radhi kabla hata hajashuka. Shemeji alimvuta kwa helmeti, akamwangusha, akaanza kumkanyaga mbavu.

Nilikimbia kuamulia. Yule wa pikipiki alipoinuka nikamkumbatia yeye kwa nyuma, mikono yake nikaibana, maana ndivyo nijuavyo kuamulia ugomvi: unamshika aliye karibu. Shemeji akapata nafasi. Alimpiga usoni mara tatu nikiwa nimemshika mimi, na kila pigo kichwa chake kilirudi kugonga kifua changu. Cheche ndiye aliyenipigia kelele nimwachie. Cheche ni fundi wetu wa kuchomelea, tuko naye karakana moja mwaka wa kumi na moja huu.

Shemeji akanawa mikono kwenye pipa la maji ya mvua, akasema twende tukanywe chai. Nilikwenda. Nilijiambia kwamba mtu anayependa gari lake ana haki ya kukasirika.

9 Machi

Kemshafti mpya imeingia. Nimepaka mafuta mazito juu ya kila nundu, nimeoanisha alama mbili za gia. Kabla ya kufunga, nilibandika udongo laini juu ya pistoni, nikaizungusha injini kwa mkono, nikafungua tena kupima alama valvu iliyoacha kwenye udongo. Nafasi ni milimita mbili na kidogo, salama. Ingekuwa chini ya hapo, valvu ingegonga pistoni na injini ingejiua yenyewe. Siku nzuri, hakuna aliyepigwa.

12 Machi

Nataka kuandika taratibu, bila kuruka.

Kemshafti ya aina hii, siku unayoiwasha mara ya kwanza, huruhusiwi kuiacha ingurume polepole. Ni lazima injini iende mizunguko elfu mbili na zaidi kwa dakika, kwa dakika ishirini mfululizo, ili oili irushwe juu na nundu zizoeane na vikombe vinavyozikanyaga. Ukiachia kabla ya hapo, nundu zinalika na kazi yote ni bure. Kila fundi anajua. Kwa hiyo saa nane mchana nilisimama mbele ya gari, boneti iko wazi, mkono wangu umeshika waya wa mafuta kwenye kabureta, na saa nimeiweka juu ya betri.

Dakika ya tisa mdogo wangu aliingia getini na mwavuli na chombo cha chakula. Shemeji alikuwa kwenye mlango wa stoo. Injini ilikuwa inaunguruma, sikusikia hata neno moja, nilikuwa naona midomo tu. Aliuliza kitu. Mdogo wangu akajibu, akanyanyua chombo kumwonyesha. Shemeji akampiga kwa mkono wa nyuma. Chombo kikaruka. Akamshika shingo, akamsukuma ukutani, akawa anakipigiza kichwa chake ukutani kwa utulivu kabisa, kama mtu anayegonga msumari asioutaka upinde.

Mkono wangu ulikuwa kwenye ule waya. Nilitazama saa. Zilibaki dakika kumi na moja.

Sikuachia. Naandika tena kwa sababu naona kalamu inataka kukwepa: sikuachia. Nilipiga kelele, na kelele yangu sikuisikia hata mwenyewe. Cheche alitupa mashine yake ya kuchomelea, akaenda, akapigwa kiwiko cha mdomo, jino likatoka, lakini aliwaachanisha. Mdogo wangu aliokota mwavuli. Kabla hajatoka getini alinitazama, mimi na mkono wangu.

Dakika ya ishirini nilipunguza mafuta taratibu, kama inavyotakiwa. Nundu zote nane zimepona.

13 Machi

Sikufungua karakana.

16 Machi

Leo nimeanza sailensi, ile hali ya gari kunguruma lenyewe likiwa limesimama, mguu hauko kwenye mafuta. Kemshafti ya mashindano haipendi kusimama. Kwenye mwendo mdogo valvu za kuingiza na za kutoa zinakuwa wazi pamoja kwa muda, hewa mpya inakutana na moshi mlangoni, injini inapaliwa. Kwenye mizunguko mia saba inazima. Kwenye mia tisa inatetemeka mpaka vioo vinalia. Kwenye elfu moja na mia moja inashika kwa tabu, na dereva ni lazima aendelee kukanyagakanyaga, vuu, vuu, la sivyo imemzimikia.

Shemeji kaja kulichukua. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia kuhusu siku ile. Alinishika bega, akasema mambo ya mke na mume ni ya ndani, mimi mtu mzima najua. Nikampa ufunguo. Mngurumo ule wa kukoroma aliupenda, akasema mtaa mzima sasa utajua amefika.

20 Machi

Mdogo wangu amekuja peke yake. Jicho moja limefumba. Alikataa kiti, akabaki amesimama kwenye mlango wa stoo.

"Kaka, lile gari usilitengeneze zaidi ya hapo," alisema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Akifika kwenye tangi la maji naanza kulisikia, maana lazima akanyagekanyage. Toka tangini mpaka mlangoni ni dakika mbili. Nawatoa watoto kwa mlango wa nyuma waende kwa fundi cherehani, jirani yetu. Naficha visu, nazima jiko. Sijawahi kupata dakika mbili tangu niolewe."

Nilisema naenda sasa hivi kumvunja miguu. Nilishachukua nondo.

"Utampiga, halafu utarudi kwako," alisema. "Na mimi nitabaki naye."

Akanieleza mpango wake. Kila siku anapeleka kitu kimoja kwa fundi cherehani: nguo za watoto, vyeti, sufuria. Siku ya mashindano shemeji atashinda huko kutwa nzima, na siku hiyo yeye mdogo wangu ataondoka na watoto wake. Mpaka hapo anataka kitu kimoja tu kutoka kwangu, gari lisitulie.

Nimemwahidi. Alipoondoka nilikaa juu ya tairi. Tarehe mbili alikuja na bandeji, akasema ameteleza kwa ajili ya mvua. Mvua ilikuwa imeanza asubuhi ileile, na bandeji ilikuwa imeshachakaa. Nilikuwa na macho yangu mawili. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilikuwa naisifia.

24 Machi

Shemeji amerudi, gari linamzimikia kwenye makutano, watu wanampigia honi. Nimezungusha skrubu mbele, nimezirudisha palepale.

29 Machi

Amerudi tena. Nimemwambia kemshafti ya mashindano ndivyo ilivyo. Mvua kubwa, maji yameingia mpaka chini ya meza ya vifaa.

2 Aprili

Amerudi. Nimechelewesha kidogo taimingi ya cheche, ule wakati wa plagi kuwasha mafuta, ili injini itetemeke zaidi. Mimi, ambaye sijawahi kumpa mtu gari bovu kwa makusudi. Wapwa zangu wawili nimewaona njiani na fundi cherehani, mmoja amebeba sufuria kichwani anacheka.

8 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko usamehewe.

Shemeji alikuja akiwa amezimikiwa mara nne kutoka nyumbani. Hakusalimu. Nilikuwa nimeinama kwenye injini, mkono wa kulia umeshika ukingo wa mbele, namwonyesha kabureta. Akasema, "Shemeji, unanichezea," akaivuta boneti chini kwa nguvu zake zote. Vidole viwili vilibaki ndani. Akaikalia. Aliikalia akaniuliza kwa sauti ya upole kama gari litatulia kabla ya mashindano, na mimi nikasema litatulia, litatulia, mpaka akainuka.

Cheche alikuwa ameshika nyundo. Nilimkataza kwa kichwa. Kucha zote mbili zimetoka, kidole cha kati kimevunjika. Nilivumilia kwa ajili ya mdogo wangu, na ukweli ni kwamba usiku nilijiona mwanamume kweli kwa kuvumilia huko.

12 Aprili

Muuza vipuri ameniletea gasketi siyo, nikamzaba kofi. Moja tu. Mvua, maumivu ya kidole, na yeye anabisha. Halafu nikakaa namweleza Cheche jinsi nisivyoelewa mtu anawezaje kuinua mkono nyumbani kwake. Cheche akaendelea kuchomelea. Alipovua miwani akasema nyani haoni kundule. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana.

Mke wangu wa zamani alikuwa akisema nikikasirika milango ndiyo inayojua. Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo leo.

15 Aprili

Mdogo wangu amepitisha ujumbe kwa fundi cherehani: zimebaki blanketi na kitabu cha kliniki cha mtoto mdogo. Siku kumi na moja.

19 Aprili

Fundi wa ng'ambo ya barabara amekuja kujikinga mvua kwangu. Kwa kawaida hatuingiliani. Gari la shemeji lilipita likikohoa, likazima pale mbele, watu wakalisukuma. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema mbele ya wateja wangu wawili kwamba zamani mkono wangu ulikuwa unasifika, lakini uzee nao unabisha hodi. Akasema lile gari angelituliza kwa nusu saa akiwa amefumba macho.

Nilicheka. Wateja nao walicheka. Nimeshinda siku nzima na kile kicheko tumboni.

23 Aprili

Nimelituliza.

Shemeji alikuja saa nne asubuhi, akasema hii ndiyo mara ya mwisho, jioni analipeleka kwa yule fundi wa ng'ambo. Nilijiambia: akilipeleka, yule atalituliza, atazunguka mji mzima akinitangaza. Basi heri nilitulize mimi. Na mashindano yamebakiza siku tatu, ataanzia kwangu aende uwanjani kujaribu barabara, hana sababu ya kwenda nyumbani mchana. Hayo yote nilijiambia.

Kila fundi atakwambia kemshafti ya mashindano haitulii. Nimerudisha taimingi ya cheche mbele mpaka injini ikaitika. Nimefungua kifuniko, nikaongeza nafasi ya kila valvu kwa kadiri ya unywele, maana hapo valvu zinachelewa kidogo kufunguka na injini haipaliwi sana. Nimezungusha skrubu ya hewa robo kwa robo, nasikiliza kwa bisibisi niliyoiegemeza sikioni. Ilipobaki mizunguko miwili ya skrubu nilimkumbuka mdogo wangu. Nilimwona vizuri kabisa, na lile jicho. Nikaizungusha ile miwili.

Mizunguko mia nane na hamsini, haina hata kikohozi. Nikasimamisha sarafu kwa ukingo juu ya injini, ikasimama. Fundi wa ng'ambo alivuka barabara kuja kuitazama ile sarafu, akaniamkia. Cheche alikuwa amekwenda kununua vijiti vya kuchomelea. Shemeji alinikumbatia, akaondoka, na mpaka anakata kona sikumsikia.

Alikata kona ya kushoto. Uwanja uko kulia.

27 Aprili

Nimetoka kituo cha polisi leo. Naandika yaliyobaki ya tarehe 23.

Nilipiga simu ya mdogo wangu, ikaita mpaka ikakata. Mara nne. Nikakimbia, kisha nikamsimamisha wa pikipiki. Mvua ilikuwa inachapa, tukaanguka mara moja kwenye tope, tukainuka. Kwenye tangi la maji nilimwambia azime ili nisikilize. Hakukuwa na kitu cha kusikia.

Gari lilikuwa mlangoni, mlango wa dereva wazi. Nilidhani limezimwa. Nilipopita nikaona maji yanatikisika kidogo kwenye chupa iliyokuwa juu ya dashibodi, ndipo nikajua kwamba linanguruma.

Shemeji alikuwa amefuata helmeti yake. Alimkuta mdogo wangu anakunja blanketi la mwisho, kabati tupu, watoto wamekaa na viatu miguuni. Hakuwapa hata sekunde ya dakika zile mbili. Mtoto mkubwa alikuwa chini ya meza, amemkumbatia mdogo wake na kumziba macho. Mdogo wangu alikuwa sakafuni jikoni. Mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo hapana kiungo. Shemeji alikuwa juu yake na pasi ya umeme, amezungusha waya wake kwenye ngumi, na alikuwa anaishusha bila haraka. Nilisikia inavyotua. Sauti ile si ya kuandika.

Nilimvuta kwa nywele. Nilimpiga kwa kigoda mpaka kigoda kikabaki mguu mmoja, kisha kwa ule mguu. Taya lilivunjika mapema. Nilijua limevunjika, nikaendelea. Alinyanyua mikono kuomba, nikaivunja hiyo pia. Nilikuwa nasikia raha. Sitaki kuandika hasira, kwa sababu haikuwa hasira, ilikuwa raha, kama mtu anayefungua nati iliyomsumbua wiki nzima ikaanza kuitika. Mtoto mkubwa alipiga kelele, "Mjomba, acha," na mimi nilimsikia vizuri, na nilipiga tena mara mbili ndipo nikaacha.

Majirani walifika, na polisi nyuma yao. Shemeji yuko hospitali chini ya ulinzi, atakula kwa mrija, na akitoka anakwenda mahakamani. Mimi wameniachia kwa dhamana ya fundi cherehani, nami nitaitwa.

Cheche ananiambia alikwenda kulizima gari jioni ile. Lilikuwa limenguruma kwa muda wa saa tano pale mvuani, halijakosa hata pigo moja.

3 Mei

Nimemwona mdogo wangu wodini. Mkono una vyuma, kichwa kimeshonwa nyuzi kumi na tisa, jicho la kushoto daktari hana uhakika nalo. Watoto wanalala kwa fundi cherehani. Nilikuwa nimemwandalia chumba kwangu, nimepaka rangi, nimenunua vitanda viwili vidogo. Nilimweleza vile vitanda kwa kirefu. Akaniacha nimalize.

"Kaka," alisema, "ulisahau, au uliamua?"

Ningeweza kusema nilisahau. Angeniamini, kwa sababu alikuwa anataka kuniamini. Lile jicho moja lilikuwa linaniomba kabisa. Dunia nzima inasahau. Lakini nilishadanganya vya kutosha msimu huu.

"Sikusahau," nikasema. "Yule wa ng'ambo alinicheka."

Nesi akaja kubadilisha dripu. Nesi alipoondoka, mdogo wangu akasema nimfungie dirisha, mvua inaingia. Nikalifunga.

7 Mei

Ameruhusiwa kutoka. Nilifika wodini saa tatu, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya. Nesi anasema mtu mwenye pengo la jino alikuja na gari la kuazima, na watoto wawili nyuma, na sufuria.

10 Mei

Mvua imekatika. Nimemuuliza Cheche kwa mara ya kwanza alikowapeleka. Amesema ameahidi.

11 Mei

Nimemuuliza tena. Nimemwambia mimi ndiye kaka yake, damu moja, nina vyumba viwili vitupu. Amesema anajua.

14 Mei

Leo tulikuwa peke yetu karakana, jua limewaka mpaka tope la uani limepasuka. Nilimuuliza mara ya tatu wamekwenda wapi. Akatikisa kichwa, akainama kuchukua miwani yake. Nikamshika kola. Nilimsukuma mpaka mgongo wake ukagonga ukuta wa stoo, ngumi ya mkono mzima iko juu, na nikamwambia atasema au atameza meno yaliyobaki.

Cheche hakujikinga. Alinitazama usoni karibu sana, miaka kumi na moja hatujawahi kutazamana hivyo.

"Ndiyo maana hakukuambia," alisema.

Nilimwachia. Alinyoosha kola yake, akavaa miwani, akarudi kuchomelea.